Kansere imetoka, chumvi imebakia mu nyungu

Hapa kwetu Lubumbashi, mutu akirudia kutoka Lusaka, Kinshasa ao Uhindi na munganga amekwisha kumuambia kama kansere haionekane tena, lupango lote linafurahi. Familia inaombesha misa ya shukrani. Majirani wanakuja kuangalia kama nywele zimeanza kuota. Watu wanahesabu: operasio ilipita, kemo ilipita, sasa tubakie na madeni tu. Kila mutu anafikiri kama vita imekwisha.

Mara mingi ni wakati ule njo hatari ya pili inaingia, na haipigi hodi. Ni tansio, ni kusema damu yenye kusukuma mishipa kwa nguvu sana, mchana na usiku. Haina kivimba cha kugusa na mukono. Haiumi. Mutu anaendelea kulima, kuuzisha, kusali. Kisha siku moja mukono unakataa kushika kikombe, kinywa kinaenda upande, na familia inaanza kutafuta nani alimuroga mutu mwenye alikuwa amekwisha kupona.

Katika ukurasa huu tunataka kuzungumuza juu ya hatari ile ya pili, na mahali inatokea. Sehemu moja inatokea mu dawa zenye zilifukuza kansere. Sehemu ingine inatokea karibu sana: kati ya mulango wa lupango na soko, ku meza ya mama mwenye kuuzisha samaki, mu malewa ya kwenye kazi, mu butike ya pembeni. Wenye kuchunguza mambo ya afya wanaita ile yote mazingira ya chakula: kile chakula kinapatikana karibu na mutu, kwa bei gani, saa gani, na katika hali gani. Tunasema wazi tangu mwanzo: mutu mwenye alipona kansere hawezi kushinda tansio na kichwa nguvu yake peke yake, kama soko na nyungu zinamuvuta upande ingine kila siku.

Dawa ziliponyesha, lakini ziliacha alama

Mu Congo yetu, kansere zenye zinaonekana zaidi kwa wanawake ni ya maziwa na ya shingo ya kizazi; kwa wanaume ni ya prostati. Zinakamata zaidi watu wazima, wenye miaka ile ile yenye tansio pia inaanza. Kwa hiyo magonjwa mawili yanakutana mu mwili mumoja hata kama hayana ukoo. Lakini miaka haielezi kila kitu.

Kuko dawa za kansere zenye zinapandisha tansio zenyewe. Dawa kama bevasizumabu, yenye kufunga mishipa yenye inakulisha kivimba, mara mingi inapandisha tansio wakati mutu angali anaitumia. Kwa wanaume wa prostati, dawa yenye kuitwa abirateroni inaweza kufanya vilevile. Sisplatine, yenye kutumiwa sana kwa kansere ya shingo ya kizazi, inaweza kuharibu figo. Na kansere ile ya shingo ya kizazi yenyewe, ikikomaa, inaweza kufunga njia ya mukojo na kuumiza figo mbele hata dawa ianze. Figo njo zenye kutoa chumvi ya kupita kipimo mu mwili. Figo zikichoka, chumvi inabakia, maji inabakia pamoja nayo, na damu inasukuma zaidi.

Tuongeze doksorubisine, ile dawa nyekundu yenye wamama wengi wa kansere ya maziwa wanaijua kwa rangi yake. Ni dawa nzuri, imeokoa watu wengi. Lakini inaweza kuchokesha moyo, na alama ile inaweza kuonekana miaka mingi kisha. Moyo wenye ulichokeshwa na dawa, ukiongezewa tansio juu yake, unaanguka haraka kuliko moyo wa mutu mwingine. Ni kwa sababu hiyo, kwa mutu mwenye alipita mu kemo, tansio ya 150 haiko jambo la kusema "tutaona mwaka kesho".

Kuko pia dawa zenye zinaingia kwa mulango wa nyuma. Deksametazone, yenye wanganga wanatoa juu ya kuzuia kutapika wakati wa kemo, ni ya ukoo wa kortizone. Ikiendelea kwa muda murefu, inapandisha tansio. Diklofenaki na ibuprofeni, zenye tunanunua kidonge kimoja kimoja ku farmasi ya barabara juu ya maumivu ya mugongo, zinaweza kupandisha tansio na kuumiza figo. Tena tunajua kile kinapita mu miji yetu: mutu akikonda, rafiki anamuletea "dawa ya kunenepa". Dawa zimoja za ile namna ziko na deksametazone ndani. Mama mwenye alipunguka kilo 15 na kemo, akisikia kila siku "umekonda sana, yaya", ni rahisi kumuuzisha ile dawa. Anarudisha mashavu, na tansio inapanda pamoja nayo.

Kwa wanawake wenye walitolewa mayai ya uzazi, ao wenye radioterapi ilisimamisha siku zao za mwezi mbele ya wakati, mwili unaingia mu uzee wa uzazi mapema. Kisha pale tansio inazoea kupanda. Mambo haya yote hayaombi ruhusa ya mugonjwa. Lakini yanamuacha na mwili wenye hauwezi tena kuvumilia chumvi nyingi sawa mbele. Na na mwili ule njo anarudia nyumbani, ku nyungu ile ile.

Toka mulango wa lupango, tembea dakika kumi

Twende sasa inje. Chukua njia yoyote ya Katuba, ya Kenya ao ya Ruashi, tembea dakika kumi tu, na uangalie kile kinauzishwa.

Cha kwanza ni mukate wa asubui. Kisha meza za makayabu, ile samaki kubwa yenye kupangwa mu chumvi nyeupe, na bitoyo, na kapenta yenye kukauka. Kisha butike: kube za kuungia mboga zenye watu wengi wanaita zote "Maggi" hata kama jina ni lingine, nyanya ya bwate, sardini, biskwi, chips mu mufuko ndogo, mortadele. Mama wa sombe mwenye kutwanga anauzisha pia bikarbonate mu tufuko tudogo. Mangaribi, michopo: nyama ya mbuzi juu ya karatasi, na pembeni kilima kidogo cha chumvi, pilipili na Maggi yenye kusagwa. Chikanda nayo iko, na watu wanaipenda. Wengi hawajue kama bila bikarbonate na chumvi haishikane vizuri.

Mboga za majani ziko pia: lengalenga, matembele, bilolo, sombe. Tunda iko, ndizi iko. Hatuseme kama Lubumbashi ni jangwa ya chakula. Mu Marekani wenye kuchunguza wanahesabu umbali kati ya nyumba na duka kubwa lenye mboga mbichi, na wanakuta kata zenye mutu bila gari hawezi kufikia karoti. Kwetu karoti iko ku barabara. Shida yetu iko na sura ingine: chumvi iko mu kila kitu chenye hakiozi, na tunahitaji vitu vyenye haviozi.

Juu ya nini? Sababu ya kwanza ni kura. SNEL ikikata siku mbili, frigo inakuwa kabati. Thomson, yenye inatoka baridi ku Namibia na yenye iko na chumvi kidogo, inaharibika. Makayabu inangoja hata mwezi bila shida. Mama mwenye hesabu ya nyumba hawezi kununua samaki yenye itaoza kesho. Anachukua yenye chumvi. Kile munganga anaona kama "tabia mubaya ya kula" ni mara mingi jibu la akili kwa shida ya kura.

Sababu ya pili ni makala. Maharagi yanakula makala saa tatu. Bikarbonate kidogo inayalainisha mbio, na sombe vilevile. Kwa hiyo bikarbonate inachunga feza. Lakini bikarbonate ni sodiumu, ile ile yenye iko mu chumvi na yenye inapandisha tansio. Kijiko kidogo kimoja cha bikarbonate kiko na sodiumu ya kulingana na gramu karibu 3 za chumvi. Na haina ladha ya chumvi, kwa hiyo ulimi hautoe habari.

Sababu ya tatu ni bei ya ladha. Nyama ni kidogo, mafuta ni kidogo, nyanya inapanda bei mu masika. Kube moja ya bei ya chini inafanya mboga ya watu nane inukie kama kuko nyama ndani. Karibu nusu ya kube, na mara ingine kupita, ni chumvi. Watu wanasema mboga bila Maggi ni chakula ya lopitali. Wanasema kweli kuhusu ladha. Na yule mwenye alitoka lopitali hataki kabisa kukumbushwa kule.

Kuko tena historia. Wakati wa Union Minière, na kisha Gécamines, wafanyakazi wa makambi walipewa posho: unga wa mahindi, samaki, mafuta, chumvi. Kampuni ilipanga kile kinaingia mu nyungu. Makampuni yalipoanguka, posho ilikwisha, lakini tulibakia na bukari kama chakula cha kila siku, na samaki ya kukauka kama mwenzake. Leo unga mingi inaingia kutoka Zambia kupitia Kasumbalesa, pamoja na biskwi, chips na supu za unga za viwanda vya Afrika ya Kusini. Kile tunaita "chagua yetu" kilichaguliwa pia mu maofisi na ku mipaka.

Hesabu ya siku moja

Shirika la afya la dunia, OMS, linaomba mutu muzima asipite gramu 5 za chumvi kwa siku. Ni kijiko kidogo kimoja, chenye kusawazishwa, kwa vyote: mukate, mboga, samaki, na ile ya meza.

Tufanye hesabu. Tuweke mama mumoja wa Katuba. Haiko mama fulani, ni mufano. Asubui anakula mukate wa gramu 150 na chai: karibu gramu 1,5 za chumvi. Saa sita, ku malewa, maharagi na wali. Mu nyungu ile kuliingia chumvi, kube na bikarbonate. Tuweke gramu 1,5 kwa sahani yake. Mangaribi, nyumbani, mboga ya watu nane: kube nne za gramu 4, ni kusema karibu gramu 8 za chumvi, gramu 1 kwa kila mutu. Vijiko vya chumvi juu yake: gramu 1 ingine. Kisha kipande cha makayabu cha gramu 50. Samaki ya chumvi yenye kukauka inabeba karibu gramu 18 za chumvi mu gramu 100. Kipande chetu kiko na 9. Hata tukisema nusu ilienda na maji ya kuosha, inabakia gramu 4 na kitu.

Jumla: karibu 9,5. Ni karibu mara mbili ya kipimo, na mama yetu hakula michopo, hakula chips, hakugusa chumvi ya meza. Ukimuuliza, atakuambia na roho safi: "Mimi sikule chumvi mingi." Hadanganye. Chumvi ilikuwa imekwisha kuingia mbele ya chakula kufika kwake.

Shauri lenye halikuondolewa

Kuko jambo moja lenye tunaona linasahauliwa sana. Wakati wa kemo, kinywa kinabadilika. Chakula kinakuwa na ladha ya chuma, ao hakina ladha kabisa. Mugonjwa anatapika, anahara, anapoteza maji na chumvi. Pale munganga na familia wanafanya vizuri kumupa supu yenye chumvi na kumuambia: kula kile unaweza, kila kitu chenye kinapita ku koo ni kizuri. Shauri lile ni la kweli kwa wakati ule. Mugonjwa mwenye kutapika asianze kukata chumvi peke yake juu ya kusoma gazeti.

Lakini kemo ikikwisha, nani anakuja kuondoa shauri? Mara mingi, hakuna. Ulimi ulizoea supu ya chumvi miezi sita. Familia ilizoea kuongeza Maggi ili mama akule. Ladha inarudia kidogo kidogo, lakini mukono wenye kupika haurudie nyuma. Shauri la miezi sita linakuwa desturi ya miaka kumi.

Wanganga wa kansere wanaangalia kansere: je, imerudia ao haikurudia? Munganga wa kituo cha afya cha mutaa hana karatasi za Lusaka, hajui dawa gani ziliingia mu mushipa. Kati ya wale wawili, tansio inapata nafasi. Tungependa siku ya kemo ya mwisho mugonjwa apewe karatasi moja yenye kuandikwa mambo matatu: dawa zenye alipata, tansio yake ya siku ile, na neno hili: kuanzia leo, rudia ku chumvi kidogo.

Nyungu ni moja

Munganga anasema: "Mama, punguza chumvi." Anasema na mama mumoja, lakini mu lupango nyungu ni ya watu nane. Makala haitoshi kwa nyungu mbili. Kama yule mwenye alipona njo mwenye kupika, anaogopa watoto na bwana watasema mboga haina kitu. Kama anapikiwa na mukwe ao binti, anaona haya kuomba chakula chake pembeni, juu kuomba chakula pembeni ni kusema mbele ya watu: mimi ningali mugonjwa. Tena mutu mwenye alipita mu kansere amechoka kabisa na jina lile.

Kwa hiyo sisi tunasema: shauri lisiende kwa mama peke yake. Liende kwa nyungu. Chumvi yenye kupandisha tansio ya yule mwenye alipona inapandisha pia ya bwana yake, ya shangazi, ya kijana mwenye miaka 30 mwenye hajapimwa hata siku moja. OMS inahesabu kama watu wazima karibu miliari 1,4 mu dunia wako na tansio, na karibu nusu yao hawajue. Mu lupango la watu wazima wanne ao watano, hakuna sababu ya kufikiri kama ni mumoja tu. Nyungu yenye chumvi kidogo haiko nyungu ya mugonjwa. Ni ya wote.

Namna ya kuanza tunaijua. Makayabu na bitoyo zilale mu maji usiku muzima, maji ibadilishwe mara mbili ao tatu, kisha zichemushwe na ile maji imwangwe. Na siku ya makayabu, mboga yake isiingie chumvi ingine wala kube: samaki yenyewe inatosha. Maharagi yalale mu maji tangu usiku. Yataiva mbio bila bikarbonate, na makala itachungwa vilevile. Kube zipunguzwe moja kila wiki, kutoka nne mupaka moja. Ulimi unazoea, wiki kadiri hivi, na ile ya zamani itaonekana chumvi tupu. Mahali pa kube pakaliwe na matungulu yenye kukaangwa vizuri, kitunguu saumu, tangawisi, ndimu, pilipili, karanga za kusaga bila chumvi. Sombe ya karanga haikungoja Maggi juu ya kuwa tamu. Bibi zetu walikuwa wanaipika.

Neno moja la kuangalia. Mboga za majani, ndizi na maharagi ziko na potasiumu, yenye kusaidia kushusha tansio, na ni vizuri kwa watu wengi. Lakini mutu mwenye figo zake ziliharibika, na sisplatine ao na kansere yenyewe, aulize munganga mbele, zaidi sana mbele ya kununua ile "chumvi ya wagonjwa" yenye kutengenezwa na potasiumu. Kwa figo zenye kuchoka, potasiumu mingi inaweza kusimamisha moyo.

Kile soko linaweza kubadilisha

Tunajua vizuri kama maneno ya nyungu hayatoshi. Mama wa lupango hawezi kurekebisha mukate wenye ananunua. Hawezi kuona chumvi mu mboga ya malewa. Njo pale kazi ya wengine inaanza.

Wamama wa malewa kwanza. Wanalisha watu wengi wa muji saa sita. Malewa moja ikiweka chumvi ku meza badala ya kuimwanga yote mu nyungu, mutu mwenye tansio anapata nafasi ya kuchagua. Haihitaji sheria wala mashini. Inahitaji wateja watatu ao wane wa kila siku waombe. Wakombe wao wa mbio-mbio ku kazi, wanaume wa prostati wenye waliponea, wanaweza kuwa wa kwanza kuomba.

Wafanyaji wa mukate kisha. Mukate unaliwa kila siku na kila mutu, kwa hiyo gramu yenye kutoka mu mukate inatoka mu damu ya muji muzima. Jirani mumoja alikwisha kuonyesha njia: Afrika ya Kusini iliandika sheria mu 2013, ikaanza kutumika mu 2016, yenye kuweka kipimo cha chumvi mu mukate, chips, nyama za viwanda, supu za unga na kube. Sehemu ya vitu vile inafika mupaka ku butike zetu. Sheria ya kwao haifunge mikono ya wafanyaji wa mukate wa kwetu, wala ya wenye kuingiza kube kutoka inchi zingine. Wabunge wetu na wakubwa wa jimbo, wenye kusimamia bei ya unga kila mwaka ikipanda, wanaweza kuandika vilevile kipimo cha chumvi. Haitaomba feza mingi.

Tena kuko kura. Tuliisema pale juu, tunairudilia: mahali frigo inafanya kazi, samaki ya baridi inashinda samaki ya chumvi. Siku soko la Katuba ao la Kenya litakuwa na chumba cha baridi chenye hakizimike, ile itakuwa pia dawa ya tansio, hata kama hakuna mutu ataiandika mu orodonanse.

Kupima ni dakika tano

Kubakia ngambo ya chakula, kuko kupima. Kituo chochote cha afya kinapima tansio, na farmasi mingi pia. Ukae chini dakika tano bila kuzungumuza, miguu chini, mukono juu ya meza. Usitoke kunywa kahawa ao kuvuta tumbaku. Kama ulipasuliwa ziwa na vitezi vya kwapani vilitolewa, wanganga wengi wanashauri kupimia ku mukono wa upande mwingine. Useme mbele, mupimaji hawezi kujua. Kama namba zinafika 140 juu ao 90 chini, rudia siku ingine. Zikibakia pale, ni tansio, na dawa ziko, zenye bei si kama ya kemo. Ukianza kidonge, usikiache juu unajisikia muzuri: unajisikia muzuri juu ya kile kidonge.

Wakati unaenda, beba karatasi zako zote za kansere, hata zenye kuandikwa Kiingereza za Lusaka. Onyesha jina la dawa zenye ulipata. Sema pia dawa zenye unanunua wewe mwenyewe, ile ya mugongo na ile ya kunenepa, bila haya. Na kama munganga anakuambia kupunguza chumvi, umulete siku ingine mutu mwenye kupika nyumbani, asikie na masikio yake.

Familia nyingi hapa ziliuzisha shamba, gari ao nyumba juu ya kuokoa mutu mumoja na kansere. Kubadilisha maji ya makayabu mara tatu, kuacha kube tatu ku butike, na kupima tansio kila mwezi, bei yake haifike hata bei ya tikiti moja ya bisi ya Kasumbalesa.